Jipu Lisiloiva

Jumapili, 17 Novemba 1974

Bwana Mganga Eustace, unisamehe kwa kuchelewa. Daftari hili ulinipa Jumatatu ya tarehe 28 Oktoba, ukaniambia nianze siku ile ile, na leo wiki ya tatu inakwisha karatasi zikiwa nyeupe. Si uvivu. Nyumba yetu hapa kijiji kipya ilikuwa haina paa na mawingu yalikuwa yanatutazama. Kalamu nayo aliichukua Ndugu Lugembe, balozi wetu wa nyumba kumi, kuandikia majina ya waliohamia. Kila nikimdai ananiambia, "Mama Kashindye, sisi tunajenga taifa, wewe unalilia kalamu." Jana nimemkuta anacheza bao, kalamu iko sikioni. Nimeichomoa mwenyewe.

Uliniambia hivi: "Mimi namwona mtoto dakika kumi kwa wiki, wewe unamwona kutwa. Andika unachokiona, siyo unachoambiwa." Basi naandika.

Kashindye ana miaka minane. La kwanza lilimtoka pajani mwezi wa Septemba, wiki ile tuliyobomoa nyumba ya zamani. Tukasema ni jipu. Mama wa mume wangu, ambaye sote tunamwita Mayu, alisema ni jipu la kuhama, mwili unalilia kwao. Tulilikanda kwa maji ya moto siku nne, halikuiva. Mayu akalitumbua kwa wembe. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu, na mtoto akanitazama mimi, hakumtazama aliyeshika wembe. Ukampiga sindano za penisilini, kumi. Watoto wengine wa hapa majipu yao yaliondoka kwa sindano tatu. La Kashindye likazaa wenzake.

Neno lako nimelishika: "Jipu huiva, mama. Lisiloiva si jipu." Kwa hiyo sitayaita majipu. Nitaviita vinundu, na kila siku nitasema kama vimeiva.

Leo viko vitano. Vitatu mapajani, kimoja mkononi juu ya kiwiko, kimoja tumboni. Ukivishika ni kama karanga zilizo ndani ya ganda, viko chini ya ngozi. Homa huja jioni, asubuhi haipo. Havijaiva.

Jumatatu, 18 Novemba

Vitano. Homa jioni. Amekula michembe minne, viazi vyetu vya kukausha, akaacha, mtoto ambaye mwaka jana alikuwa anaiba viazi juani kabla havijakauka. Havijaiva.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Paa limevuja mahali pamoja tu, juu ya kichwa cha Mayu, akasema nyumba hizi za kupangwa mstari zinachagua wazee.

Mume wangu, Raymundi, ameanza kisomo cha watu wazima. Wanakaa chini ya banda la tumbaku, Lugembe ndiye mwalimu. Jioni mimi namsahihisha. K yake inaanguka kifudifudi kama mlevi. Kashindye akamwambia, "Baba, hiyo K inataka kulala, mwache." Tulicheka wote. Nimeandika hapa kwa sababu ni mara ya kwanza mtoto kucheka wiki hii, na uliniambia niandike ninachokiona.

Vinundu sita. Havijaiva.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo kituoni kwako ulikuwepo mwenyewe, lakini nitaandika.

Kijijini wameanza kusema ni ukoma. Mwanamke mmoja aliondoa ndoo yake kisimani nilipotia yangu. Nilikuuliza bila kuzunguka. Ukamfunga Kashindye kitambaa machoni, ukamgusa kwa unyoya wa kuku. "Wapi?" Akasema, "Hapa." Ukamgusa kwa pini. "Wapi?" Akasema, "Hapo, na ukinichoma tena nakuuma." Ukacheka, ukasema, "Huyu hana ukoma. Mwenye ukoma hatishii kuuma, kwa kuwa hasikii kitu."

Halafu hukucheka tena. Ulimbonyeza ubavuni ukasema bandama imekua. Ukasema kuna ugonjwa umewahi kusoma habari zake tu, hujauona kwa macho, na hutaki kuutaja kabla ya kuuthibitisha. Ukakata kinyama kidogo cha pajani, kama punje ya mtama, ukakitia kwenye kichupa cha penisilini chenye dawa inayowasha macho, ukafunga kizibo cha mpira, ukazungushia plasta. Ukasema Dar es Salaam kuna watu wa darubini, wao wataona. Ukaandika karatasi ya kwenda nayo: KASHINDYE RAYMUNDI, miaka 8, na mistari ya Kiingereza chini yake.

Treni ilikuwa ya jioni ile ile. Wewe ulikuwa na foleni mpaka nje. Mimi nilikuwa na Kashindye mkononi na mdogo wake, Modest, mgongoni. Raymundi akasimama, akavua kofia. "Nipe mimi, Bwana Mganga. Mimi ndiye baba yake."

Nilijisikia fahari. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 26 Novemba

Raymundi amerudi mchana huu kutoka stesheni ya Kaliua. Alilala huko. Nilimtolea maji ya miguu, udongo mwekundu umeganda mpaka kwenye vifundo. Nikamwuliza, "Umekifikisha?"

"Nimemkabidhi karani wa vifurushi, Lukumani, mkononi. Kimekwenda."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Umesema wiki tatu au nne jibu litarudi. Vinundu saba. Havijaiva, lakini sasa kuna watu wanaovitazama.

Jumapili, 1 Desemba

Saba. Homa. Tumepanda mahindi ya shamba letu, bado ya kijiji.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Watoto wa shule wameimba, Lugembe amehutubia hadi mvua ikamkatiza. Kashindye alitaka kwenda akacheze, nikambeba. Wa umri wake wanabeba wadogo zao, mimi nambeba yeye, na ni mwepesi kuliko Modest.

Jirani yangu Swaumu, mzaliwa wa Kanyenye pale Tabora mjini, alikaa nasi. Nikamsimulia habari ya kinyama kwenda Dar. Mayu alikuwa anachagua maharage, akaguna. Akasema nyama ya mtu kusafiri bila mwenyewe ni kazi ya mumiani. Swaumu akamjibu, "Bibi, tulipokuwa wadogo Kanyenye tuliambiwa gari jekundu la zimamoto linanyonya damu. Nimekua, nimezeeka, aliyeninyonya ni mume wangu tu." Mayu hakucheka. Nilidhani ni kwa sababu ya neno lenyewe.

Tisa. Havijaiva.

Jumamosi, 14 Desemba

Wiki tatu zimekaribia. Kila treni ikipiga honi mbali huko, Kashindye anauliza, "Imeleta nyama yangu?"

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumechinja jogoo. Amekunywa mchuzi vijiko vitatu. Kinundu cha kwanza, kile cha pajani, kimebadilika rangi katikati, kimekuwa cheusi kama mkaa uliozimwa. Si kuiva. Kuiva ni kulainika na kuwa na joto. Hiki kinakufa kikiwa kigumu.

Mayu amekipaka asali. Anamwosha mtoto kila asubuhi, vizuri kuliko ninavyomwosha mimi, hakai mbali naye kama wengine. Ndugu zangu wa kanisani wananisalimia wakiwa barabarani.

Jumatatu, 30 Desemba

Wiki tano. Nimekuja kituoni kwako kwa miguu, mvua njia nzima. Ukaniambia hakuna jibu. Ukaniambia umeandika barua Dar na wao wanasema hawajapokea kitu. Nikamtafuta Lukumani stesheni, wakasema amehamishiwa njia ya Mpanda tangu katikati ya mwezi.

Ulisema, "Huenda kimepotea njiani. Mlete nikate kingine."

Huenda! Nikakujibu vibaya mbele ya watu. Nilisema, "Mwanangu si mbuzi wa kuchunwa kila mwezi." Nikaondoka. Raymundi alikuwa amekaa kwenye benchi akinisikiliza, akamchukua Modest mgongoni kwangu akatangulia.

Jumapili, 5 Januari 1975

Kuanzia leo sikuandikii wewe, Bwana Mganga. Naandika kwa sababu nimezoea.

Nimekaa nimefikiri. Mtu aliyesoma amenitia moyo, amechukua nyama ya mwanangu, kisha anasema huenda. Nyinyi mna meza na mihuri, sisi tuna miguu. Kichupa kimepotea na hakuna aliyeumwa nacho kichwa. Swaumu ananiambia, "Usimtupie mtu jiwe kabla hujajua nani kavunja chungu." Nimemwambia anyamaze. Hakunyamaza, lakini amesonga ugali wangu na kuchota maji yangu, basi nimemwacha aseme.

Walionisimamia ni wangu wa nyumbani. Raymundi amechonga kitanda kidogo cha kamba ili vidonda visiguse chini. Mayu anampaka asali. Nimeona kwamba nilikuwa nawadharau kwa kuwa hawakusoma. Mungu anisamehe.

Kumi na moja.

Jumatano, 15 Januari

Uso umevimba, jicho la kushoto halifunguki vizuri. Kumi na tatu. Viwili vimekuwa vyeusi. Homa sasa inakuja adhuhuri pia.

Jumanne, 21 Januari

Alisema, "Mama, mimi nikifa mtanirudisha kule nyumbani kwa zamani au hapa kwenye mstari?" Nikamwambia watoto hawaulizi hivyo. Akasema, "Bibi amesema sehemu yangu iko kule."

Nilidhani anasema kitovu chake, kilichozikwa kule.

Jumanne, 28 Januari

Mwandiko wa leo ni mbaya, atakayesoma avumilie.

Asubuhi Raymundi alikwenda kupalilia shamba la kijiji, akasahau daftari lake la kisomo juu ya kinu. Nikalifungua nione kama K imesimama. Ukurasa wa kwanza, KASHINDYE. Wa pili, KASHINDYE. Kurasa sita nzima, KASHINDYE RAYMUNDI, kuanzia mbaya kabisa mpaka nzuri, ya mwisho nzuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Nikatabasamu. Kisha nikajiuliza ameiga wapi, maana mimi sikumwandikia jina hilo.

Nikageuza mwisho wa daftari. Karatasi ikaanguka.

Ni karatasi yako, Bwana Mganga. KASHINDYE RAYMUNDI, miaka 8, Kiingereza, sahihi yako. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa kila siku.

Ndipo nikakumbuka ule udongo. Njia ya kwenda stesheni ni mchanga mweupe mwanzo hadi mwisho. Udongo mwekundu uko mahali pamoja, kule tulikohama, kwenye mahame yetu.

Sikwenda shambani. Nilikaa juu ya kinu na karatasi mapajani mpaka akarudi. Aliniona kutoka mbali. Mtu anajua. Alipunguza mwendo kama anayekaribia nyumba yenye msiba.

"Flavia," akasema. Haniiti Flavia, huniita Mama Kashindye.

"Kiko wapi?"

"Nilifika stesheni. Naapa nilifika. Nilikaa nacho mapajani kama mtu aliyebeba yai. Lukumani akaniambia, leta. Mkono haukunyanyuka. Nikaona nampa mtu baki nyama ya mwanangu aitupe ndani ya gunia la barua. Treni ikaondoka."

"Ukaja nyumbani ukaniambia kimekwenda."

"Kwanza nilikwenda kwa Mayu, alikuwa kule mahame anachimba mihogo iliyobaki. Nikamwuliza. Tukakizika. Nilipofika hapa nilitaka kukwambia. Ukacheka. Sikuwa nimekuona unacheka tangu tubomoe nyumba."

Yaani alinidanganya ili nisiache kucheka! Nilitaka kumpiga na mchi. Mchi ulikuwa pale pale.

Mayu akatoka ndani, akasimama katikati yetu, mdogo kama mtoto. "Nigombeze mimi. Nyama haiendi mahali mwenyewe hajafika. Ikitangulia, inamwita. Nilikizika pembeni mwa kitovu chake ili kimshikilie hapa duniani. Nimeshika miguu ya mtoto huyu akizaliwa, wewe unadhani namtakia nini?"

"Mayu, shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikuwa nimemsalimu tangu asubuhi, na nilitaka asikie kwamba bado najua yeye ni mama. Akajibu marahaba. Nikaendelea, "Umemwosha kila siku. Umemwona anaisha mikononi mwako. Kila treni ikilia ameuliza kama nyama yake imeletwa, na wewe umekaa hapo unachagua maharage. Wiki tisa, Mayu. Wiki tisa na siku moja. Mimi nimemtukana mtu mwema mbele za watu, na mwanao amekaa kwenye benchi akanisikiliza."

Raymundi alilia. Sikumnyamazisha. Siku nyingine zote ningemnyamazisha.

Swaumu alisikia kupitia ukuta wa fito, nyumba za mstari hazina siri. Alikuja akamchukua Modest, akasema neno moja tu, "Kesho." Nikajua anasema kesho tukakichimbue.

Vinundu kumi na saba. Havijaiva. Haviivi.

Jumatano, 29 Januari

Mahame. Majani yamefika kiunoni, nyumba yetu imebaki mistari ya udongo kama mchoro wa mtoto. Raymundi alichimba kwa mikono, nilimkataza jembe. Mimi nilisimama. Mayu alikuja nyuma yetu bila kuitwa, mwendo wote ule, na kanga yake kuukuu mabegani.

Kopo la mafuta, ndani yake kitambaa cheupe, ndani yake kichupa. Plasta haijaguswa. Maji yamo. Kinyama kimo, cheupe kama punje ya wali. Nilikiinua kwenye jua nikakitazama mara mbili, maana nilitegemea kukuta uozo.

Mayu akauliza, "Hakikuoza?"

"Hakikuoza."

Akakaa chini palepale kwenye udongo. "Kilikuwa kinangoja," akasema. Nikakifunga tena kwenye kitambaa. Neno hilo lingeweza kuwa la msamaha au la kujitetea, na sikuwa na nguvu ya kulichambua.

Alhamisi, 30 Januari

Bwana Mganga, narudi kukuandikia wewe.

Nilisimama mbele ya foleni ile ile niliyokutukania. Nikasema kwa sauti ile ile, "Nilisema uongo juu ya mtu huyu. Kichupa hakikupotea mikononi mwake, kilipotea nyumbani kwangu." Ukaniambia, "Kaa chini, mama, usianguke." Basi. Hukunidai neno lingine. Ingekuwa heri ungenigombeza.

Ukafungua kichupa, ukanusa, ukasema dawa imekilinda, kinasomeka. Kisha ukasoma daftari hili mwanzo hadi mwisho umesimama. Ulipofika pale nilipokuacha ulisoma bila kunyanyua macho. Ukamaliza ukasema, "Homa ya jioni imekuwa ya adhuhuri. Vitano vimekuwa kumi na saba. Penisilini imeshindwa. Si ukoma. Vinakufa katikati bila kuiva, mtoto anakonda, bandama inakua. Mama Kashindye, wewe ndiye uliyeuona ugonjwa huu, mimi nimeukisia tu. Sitatuma kichupa. Nakutuma wewe, mtoto na kichupa, leo."

Raymundi akanyoosha mikono apokee kichupa anibebee mpaka kwenye behewa. Nikakitia kifuani, ndani ya nguo, pale Modest anaponyonya. Modest mwenyewe nikambeba mgongoni. Swaumu alinifunga mzigo. Mayu alimpa Kashindye chupa ya asali, akamtemea mate ya baraka kichwani, na mtoto akamkumbatia. Yeye hana ugomvi na mtu.

Jumanne, 4 Februari, Dar es Salaam

Nimempa mtu wa maabara kichupa mkononi. Nilisubiri mpaka nikaona ameandika jina kwenye kitabu. Nikamwomba anionyeshe. Akasema, "Mama, huniamini?" Nikamwambia, "Wewe nakuamini. Ni njia ndiyo siiamini."

Jumatatu, 17 Februari

Daktari ni mama, mrefu, ana miwani. Alinikalisha. Alisema ni kansa. Chembe nyeupe za damu, zile za kulinda mwili, zimeasi. Kwa kawaida kansa hiyo hukaa kwenye matezi, shingoni au kwapani. Hii imekaa kwenye mafuta ya chini ya ngozi, ndiyo maana kila aliyeiona alisema jipu. Ni nadra sana, yeye ameona mbili tu kabla ya hii, na kwa watoto inakwenda mbio.

Zimeasi. Zile za kulinda. Nilimwomba arudie, akadhani sikuelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Nikamwuliza, "Ningekuja mwezi wa Novemba?"

Akanijibu, "Ingekuwa rahisi zaidi. Leo si kwamba haiwezekani." Alikuwa mkweli, nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa dawa. Akapitia daftari hili, akauliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikasema Bwana Mganga Eustace. Amenakili kurasa nane za daftari hili awasomeshe wanafunzi wake, lile neno haliivi amelipigia mstari. Akaniuliza vidonda vilipakwa nini, mbona ni safi. Nikasema asali. Akasema aliyempaka amemsaidia.

Basi ni yule yule. Mkono uliozika kichupa na mkono uliosafisha vidonda. Ningependa wangekuwa watu wawili.

Jumatano, 26 Februari

Sindano ya kwanza ya mshipani. Ametapika kutwa. Amesema nesi ana mikono baridi kama chura.

Jumapili, 16 Machi

Nywele zimekwisha. Amejitazama kwenye sahani ya bati akasema, "Nimefanana na Modest." Vinundu vya mikononi vimelainika vikaondoka, havikuiva, vimeyeyuka tu. Vilivyobaki ni tisa. Homa imekuja mara moja wiki hii.

Nimepata barua ya Raymundi. Si ya kuandikiwa, ameandika mwenyewe. K zimesimama. Barua yote ni hii: NIMEKOSA. MVUA NYINGI. MAYU HALI. Nimeisoma mara nyingi. Sijui kama ni Mayu hali chakula au Mayu na hali yake, kisomo hakijafika huko. Nimeikunja mara nne.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Sindano ya pili imepita. Vinundu vinne. Daktari anasema sindano ni sita, na kimoja kipya mgongoni amekiona asubuhi, hakipendi. Nikamwuliza atapona? Akasema, "Tutaendelea kuhesabu, mimi na wewe." Kwa hiyo naendelea.

Usiniulize kama nimesamehe, Bwana Mganga. Padri wa wodini ameuliza. Nimemwambia namwombea chakula Mayu kila siku, na kwamba nikikumbuka lile benchi meno yananiuma. Yote mawili yapo.

Jumamosi, 12 Aprili

Daftari limebaki ukurasa mmoja. Nalituma kwako kwa mkono wa nesi anayekuja likizo Tabora, ameahidi kushuka Kaliua mwenyewe. Vinundu vitatu, na kile cha mgongoni hakijakua. Mvua kule zitakuwa zinakwisha.

Nakuomba kitu kimoja. Ukurasa wa mwisho si wako. Umwite Raymundi, umpe, usimsomee. Hata akikaa nao mpaka jioni, mwache. Nimeandika herufi kubwa kwa ajili yake.

RAYMUNDI. MTOTO ANAISHI. ANAKULA KIDOGO. TUNAHITAJI HIVI.

MICHEMBE DEBE MOJA. YA KWETU. YA HAPA HAITAKI.

ASALI YA MAYU CHUPA MBILI. MWAMBIE NIMESEMA YA MAYU. MWAMBIE ALE.

BLANKETI LANGU JEKUNDU.

KOFIA YA KASHINDYE. KICHWA CHAKE KIPARA.

NGUO MBILI ZA MODEST. AMEKUA.

DAFTARI LAKO LA KISOMO. LENYE KURASA SITA ZA JINA LAKE. ANATAKA KUONA BABA ALIVYOANDIKA.

LETE WEWE. USIMPE MTU.